Kusubu risasi za nyavu nyumbani kwa chakavu: wa Moshi na bwawani tusikilizane hapa

MshonaNyavu

Wakuu salaam.

Mimi kazi yangu ni kushona nyavu na kufunga kamba za chini kwa wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Vizito vya risasi (ile metali nzito, si za bunduki) vinavyokaa kwenye hizo kamba ili wavu uzame navisubu mwenyewe hapa Moshi kwa chakavu, yaani nayeyusha na kumimina kwenye kalibu. Vijana wengi wanaingia kwenye kazi hii sasa, na wanafundishana vichochoroni mambo yatakayowaumiza wao na wadogo zao. Ndiyo maana nimefungua uzi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: chakavu chochote cha risasi tutakijadili humu, isipokuwa betri. Betri haipikwi nyumbani. Sababu nitazitoa.

Nianze na kuchagua chakavu, maana hapo ndipo kazi inapoharibika au kunyooka.

Vipo vyanzo vitatu ninavyovitumia. Cha kwanza ni zile risasi za kubalansi magurudumu, unazipata kwa mafundi tairi. Za kugongea pembeni mwa rimu zina antimoni kidogo (metali nyingine inayoigumisha risasi), asilimia 2 hadi 4 hivi, kwa hiyo ni ngumu. Cha pili ni risasi laini: mabomba ya maji ya nyumba za zamani sana, na vipande vya kuzibia maungio ya paa. Cha tatu ni maganda ya nyaya za simu za zamani zilizokuwa zinalazwa chini ya ardhi. Hizo ni laini na safi, lakini tafadhali, usinunue ganda la waya kwa mtu asiyeweza kukuonyesha limetoka wapi. Kuharibu miundombinu ni jinai, na mnunuzi anakamatwa pamoja na mwizi.

Kutofautisha: risasi safi unaikwaruza kwa ukucha na inaacha mstari wa kijivu ukiipitisha kwenye karatasi. Yenye antimoni ukucha unateleza. Dondosha kipande sakafuni kwenye saruji: risasi inatoa kishindo kizito kisicholia, zinki inalia "ting". Chuma utakijua kwa sumaku. Nyingine zimeandikwa kabisa Zn au Fe, basi soma kabla hujatupia kwenye chungu.

Kwa nini nasisitiza zinki? Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwenye nyuzi 419. Ukiweka moto wa wastani zinki inabaki ngumu na inaelea, unaiopoa na upawa yaisha. Ukichochea mkaa kwa pupa inayeyuka na kuingia ndani, na chungu chote kinashikana kama uji wa mabonge. Haijazi kalibu, inatoka na matundu, na kwa nyenzo zetu za nyumbani huwezi kuitenganisha tena.

Na kwa nini laini na ngumu zisichanganywe? Kwa sababu ya matumizi. Kuna risasi ya bapa, ile unayoikunja kuzunguka kamba na kuibana kwa nyundo. Hiyo inataka risasi laini. Ukiikunja yenye antimoni inapasuka mgongoni, mvuvi anavuta wavu mara chache zinaanza kudondoka bwawani. Kwa risasi ya bomba, yenye tundu katikati ambayo kamba inapita ndani, ngumu ndiyo nzuri, haibonyei ikigonga mawe.

Kuyeyusha kwenyewe nitaandika chini, ngoja nipate maoni kwanza.

---

FundiTairi wa Majengo

Mkuu umeongea vitu ninavyovishika kila siku. Naongezea kidogo kwenye balansi.

Za gundi, zile bapa zinazobandikwa ndani ya rimu za sporti, kama ni risasi basi ni laini karibu sawa na risasi safi. Usizitupe kwenye kapu moja na za kugongea. Toa gundi na utepe kwanza, ule utepe ukiungua unatoa moshi mbaya.

Halafu wajue kwamba risasi kwenye rimu inapungua. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwenye magari madogo tangu 2005, na watengenezaji wengi wamehamia chuma na zinki. Ndoo ya leo ninayoitoa gereji ina mchanganyiko mkubwa kuliko ya zamani. Anayekuuzia ndoo nzima kwa bei ya risasi bila kuichambua anakupunja.

---

MshonaNyavu

Asante fundi. Nimesahau la za gundi, umelikamilisha vizuri.

Sasa kuyeyusha.

Mahali: nje, uwanjani, upepo ukikupiga mgongoni ili moshi uende mbele yako na mbali na nyumba. Jikoni hapana. Barazani ambako watoto wanacheza hapana. Chumba cha kupanga chenye dirisha moja ndiyo kabisa.

Chombo: kikaangio au chungu kizito cha chuma. Sufuria ya alumini isikaribie. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini inaanza kulegea mapema zaidi, na mzigo wa risasi si mchezo. Lita moja ya risasi ina kilo 11 na ushee. Ukijaza chungu cha lita tatu umebeba kilo zaidi ya 30 za metali ya moto kwenye mikono ya chungu iliyopigwa ribiti za bati. Mimi sijazi kabisa, nayeyusha kidogo kidogo. Na chombo kikishaonja risasi hakirudi jikoni milele, wala upawa. Nimeviwekea alama ya rangi nyekundu na vinakaa kwenye boksi lenye kufuli.

Maji. Hapa naomba msome taratibu. Tone la maji likidondoka juu ya risasi iliyoyeyuka linachemka na kutoweka. Likizamishwa chini ya uso wake, linageuka mvuke ghafla na kutanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke huo unairusha risasi yote iliyo juu yake. Inaruka usoni. Maji hayo yanatoka wapi? Kwenye chakavu kilicholala nje usiku, hasa masika. Kwenye bomba la zamani lililopondwa ncha zote mbili na unyevu ukabaki ndani. Kwenye upawa ulionawishwa. Kwenye kalibu ya jasi au ya udongo ambayo haijakauka. Kwa hiyo chakavu kinawekwa chunguni kikiwa kikavu na chungu kikiwa bado baridi, vinapata moto pamoja. Ukitaka kuongeza kipande wakati tayari imeyeyuka, kipashe moto kwanza pembeni ya jiko mpaka kiwe cha moto kabisa. Miwani ya kufunika macho yote, shati la pamba la mikono mirefu, viatu vya kufunika mguu. Nailoni inayeyukia mwilini. Kandambili, hapana.

Kusafisha: ikishayeyuka, vibanio vya chuma vya zile za balansi vinaelea vyenyewe, chuma ni chepesi kuliko risasi. Opoa. Kisha tia kipande cha nta au maranda makavu ya mbao, koroga ukikwangua pembeni na chini. Nta inafuka, washa ule moshi kwa kiberiti uungue. Kaboni inazirudisha metali zilizokwisha shika kutu ndani ya chungu, na uchafu unapanda juu ukiwa unga mkavu. Huo unga ndio mavi ya risasi, na kati ya vitu vyote kwenye kazi hii ndio ninaouogopa zaidi. Kipande cha risasi hakipeperuki. Unga unapeperuka, unakaa kwenye nywele, kwenye mikunjo ya suruali, unaingia na wewe ndani. Uteke polepole, uweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko, funga. Usiumwage kihambani, yaani shamba la nyumbani. Udongo wa juu unaishika risasi miaka na miaka, kuku wanaidonoa na mayai yanakuwa nayo.

Kalibu: kwa risasi ya bapa natumia chuma cha pembe kilichozibwa ncha kwa udongo uliokaushwa motoni, namimina mfereji mwembamba, ikipoa naigonga bapa na kuikata kwa mkasi wa bati. Kwa ya bomba natumia vipande viwili vya chuma vinavyofungwa pamoja na msumari katikati. Msumari na kalibu navipaka masizi ya mshumaa ili risasi isinate. Zile za kwanza zitatoka na mikunjo kwa sababu kalibu ni baridi, zirudishe chunguni. Zikianza kutoka nyeupenyeupe zenye chengachenga kama barafu, moto umezidi, punguza mkaa.

---

Kijana wa Njoro

Kaka heshima yako, ila kwenye betri nadhani unakuza mambo. Betri moja ya gari ni kilo nyingi kwa mkupuo mmoja, hizo za balansi utaokota mpaka lini? Kuna watu hapa mtaani wanavunja betri tangu sijazaliwa na wapo wazima. Moshi si unapuliziwa tu mbali?

---

MshonaNyavu

Mdogo wangu, nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kwanza hesabu yenyewe haipo. Ndani ya betri, sehemu kubwa ya hizo kilo si metali. Ni tope lililopakwa kwenye vyandarua vya sahani, yaani zile fremu za risasi zenye matundu kama wavu: salfeti ya risasi na oksidi ya risasi. Tope hilo haligeuki metali kwa jiko la mkaa la uani. Linahitaji tanuri lenye joto kubwa zaidi, kaboni, na vichujio vya kunasa vumbi. Ukipika uani unapata metali ya vyandarua na vichwa, na lililobaki lote linakuwa unga wa sumu unaoumwaga nje ya mlango wako. Yaani umenunua kilo ukapata vumbi.

Pili, asidi. Wanaimwaga mtaroni, nayo ni asidi ya salfa iliyobeba risasi.

Tatu, vyandarua vinachanganywa na antimoni, kalisi, na wakati mwingine aseniki. Mavi yake yakipata unyevunyevu yanaweza kutoa gesi za aseniki na antimoni, na gesi hizo zinaua. Hapo hujagusa hata risasi.

Nne, kuhusu moshi kupulizwa mbali. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegali, watu walikuwa wanachekecha mchanga wenye mabaki ya betri wapate vipande vya risasi vya kuuza. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 walikufa watoto 18. Watoto hao hawakuwa wanayeyusha chochote. Walicheza kwenye mchanga na kulala kwenye nyumba zilizoingia vumbi. Jirani zetu hapa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, aligundua mtoto wake mchanga ana risasi mwilini, akapigana mpaka kikafungwa. Alipewa tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mombasa siyo mbali. Ukitoka Moshi asubuhi unafika siku hiyohiyo.

Hao unaosema wapo wazima, je, umewahi kupima damu zao? Na za watoto wao?

---

Nesi Mstaafu

Habari zenu wanangu. Nimesoma yote. Huyu bwana wa nyavu ameeleza vizuri, niseme upande wa mwili.

Risasi haina kazi yoyote mwilini na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo ananyonya risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na anaimeza kwa urahisi kwa kuwa mikono yake iko mdomoni muda wote. Ubongo wake ndio unajengwa. Dalili haziji na kelele: anakuwa mzito darasani, anakasirika ovyo, anapungukiwa damu, tumbo linamsokota, hapati choo. Mzazi anasema ni minyoo, anapewa dawa ya minyoo, na maisha yanaendelea. Kwa mtu mzima ni presha, maumivu ya tumbo, viungo, ganzi mikononi, figo.

Kwenye damu inapungua baada ya miezi kadhaa kama mtu ameacha kuishika, lakini nyingine inajificha kwenye mifupa na kukaa huko miaka mingi sana. Mama akibeba mimba mifupa inaachia kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi inatoka nayo. Kwa hiyo binti anayesaidia kazi hii leo anamwekea mtoto ambaye hajamzaa. Mjamzito na anayenyonyesha wasisogee kabisa.

Na hili la maziwa nawaomba mliache. Nimewasikia mafundi rangi, mafundi betri, wote wanasema "nikimaliza napiga maziwa yananisafisha". Maziwa hayatoi risasi iliyokwisha ingia. Ni kweli kwamba mtu anayekula vizuri, mwenye kalisi na madini ya chuma ya kutosha, utumbo wake unanyonya risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Kunywa maziwa kwa afya yako, ule mchicha, ule dagaa. Lakini usiyafanye kuwa ruhusa ya kuvuta vumbi.

Mwenye wasiwasi aende hospitali, amwambie daktari waziwazi "nafanya kazi ya risasi". Asipotaja kazi yake daktari hatabahatisha. Kuna kipimo cha damu, na kwa waliozidiwa kuna dawa za kuivuta itoke, zinazotolewa hospitali kwa uangalizi. Dawa hizo hazimsaidii mtu anayerudi kwenye vumbi lilelile kesho yake.

---

Kijana wa Njoro

Mama nimekuelewa. Nina mdogo wangu wa miaka mitatu hapa nyumbani. Betri mbili nilizonazo nizipeleke wapi? Bado hazijavunjwa.

---

MshonaNyavu

Vizuri sana kwamba bado ni nzima. Ziache zilivyo, zisimame wima, mbali na mtoto, usimwage maji yake. Ukienda kununua betri mpya, muulize muuzaji kama anachukua ya zamani, wapo wanaokupunguzia bei. Betri chakavu ni taka hatarishi, zinasimamiwa na mamlaka ya serikali ya mazingira, na anayezikusanya anatakiwa awe na kibali. Muulize kibali kabla hujampa.

---

Mzee wa Rundugai

Nimefurahi kusoma. Swali: kwa utaratibu huuhuu mtu hawezi kusubu za gobole? Huku nyani na nguruwe pori wanatumaliza mahindi.

---

MshonaNyavu

Mzee wangu shikamoo. Hapana, na hapa sitafundisha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi za silaha bila leseni, na gobole lisilosajiliwa lenyewe ni kesi. Kuhusu wanyama waharibifu, ripoti kwa ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Najua wanachelewa na mahindi hayasubiri, nakuonea huruma kwa hilo, ila njia ya gobole itakufikisha pabaya.

---

Mvuvi wa Lang'ata

Mimi ndiye ninayezitumia hizo risasi, nami nina langu. Mnasema sumu, je, zikiwa majini haziingii kwenye perege? Na mawe au udongo wa kuchoma havifai? Babu zetu walivulia mawe.

---

MshonaNyavu

Kaka swali zuri. Risasi ikiwa kipande kizima majini inayeyuka polepole sana, inajifunika utando wa kijivu. Tatizo linalojulikana zaidi ni ndege wa majini kumeza zile ndogondogo. Uingereza walipoteza mabata maji wengi kwa sababu hiyo mpaka mwaka 1987 wakapiga marufuku uuzaji wa chubwi nyingi za risasi za kuvulia kwa ndoana, kuanzia zile za chini ya gramu moja hadi gramu 28. Za nyavu ni kubwa na zimefungwa, lakini zinadondoka, kwa hiyo kufunga vizuri ni sehemu ya kulitunza bwawa.

Kwa wewe na familia yako hatari iko mikononi. Kwanza, acheni kubana risasi kwa meno. Nimeona wavuvi wengi wanauma chubwi kuibana kwenye mshipi, na kijana anashona wavu huku risasi tatu zimekaa shavuni. Nunua koleo ndogo, iache mtumbwini. Pili, ukimaliza kushika kamba ya chini nawa kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara. Tatu, risasi za akiba zisiwe vitu vya watoto kuchezea.

Udongo wa kuchoma unafaa na nimewafungia watu. Kasoro yake ni ujazo: risasi ina uzito wa zaidi ya mara 11 ya maji, udongo mara mbili hivi, tena ukizama, maji yanapunguza uzito wa udongo kwa sehemu kubwa. Ili wavu ukae chini vilevile unahitaji vipande vikubwa na vingi, na vinavunjika vikigongana kwenye mtumbwi. Kwa nyavu za kutega sehemu tulivu vinatosha kabisa. Kwenye mkondo, karibu na mto unapoingilia, havitoshi.

---

Mvuvi wa Lang'ata

La meno limenigusa, maana ndivyo tulivyofundishwa wote. Nitawaambia wenzangu mwaloni. Nishonee wavu mmoja wa udongo tuujaribu upande wa mabwawa tulivu, nitakupa majibu.

---

FundiTairi wa Majengo

Swali la mwisho kwangu. Barakoa ya kitambaa inatosha?

---

MshonaNyavu

Haitoshi, vumbi la risasi ni laini mno na linapita kwenye kitambaa. Inayohitajika ni ile ya kubana uso yenye vichujio vya vumbi, zinauzwa maduka ya vifaa vya usalama kazini. Zaidi ya hapo, moto usizidi: chini ya nyuzi 400 risasi hutoa mvuke kidogo mno, na kuvuka 500 mambo yanabadilika. Ukichovya kijiti kikavu cha mbao kikabadilika kahawia taratibu uko sawa. Kikiwaka moto papo hapo, ondoa mkaa.

Usifagie kavu ukimaliza. Subiri chungu kipoe kabisa, ndipo ulowanishe sakafu na kufuta kwa tambara, na tambara liingie kwenye kopo la mavi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, ndoo yake, maji yasimwagwe bustanini. Oga na kichwa kabla hujambeba mtoto.

Fundi, zile za gundi ukizikusanya niwekee, nitapita kuzichukua zikiwa zimechambuliwa nikulipe bei ya risasi laini.